Jinsi ya Kutembelea Hekalu la Kiyomizu-dera, Kyoto: Mwongozo Kamili, Kuanzia Saa 12 Asubuhi

Shemeji yangu alikuja Japani Agosti iliyopita pamoja na kijana wake aliyekulia Ujerumani. Nikawaandikia: "Kesho tukutane getini saa kumi na mbili." Aliyetega kengele ya simu ni kijana, na kwake yeye kumi na mbili ni 12:00. Wakafika jua la utosi. Walikuwa wameganda kwenye basi karibu saa nzima kwa safari ya robo saa, wakapanda kilima wakisukumana, wakapiga picha za migongo ya watu, wakapiga makofi mbele ya madhabahu ya Kibuddha, wakarudi hotelini wakisema hekalu zuri, ila watu!

Naishi Osaka mwaka wa nane sasa, na wageni wa namna hiyo nimewapokea wengi. Wanakosea mambo yaleyale: saa, usafiri, mpangilio wa kutembea ndani, na hayo makofi. Historia naiacha, vibao vya pale vitakueleza. Jua tu kwamba jengo kuu unalokwenda kuliona lilijengwa upya mwaka 1633, ni la mbao, limesimama ukingoni mwa korongo, na watu wanasali humo kila siku.

## Andaa hivi kabla ya kulala

Pesa taslimu. Kiingilio ni yeni 500 kwa mtu mzima na yeni 200 kwa mtoto wa shule ya msingi au ya kati. Weka noti za yeni 1,000 na sarafu za yeni 100. Tafuta pia sarafu mbili tatu za yeni 5, zile za rangi ya shaba zenye tundu katikati. Kijapani yeni tano hutamkwa *go-en*, sawa na neno la mafungamano kati ya watu, ndiyo maana hiyo ndiyo sarafu inayopendwa kwenye sanduku la sadaka.

Kadi ya usafiri. ICOCA au Suica, yoyote uliyonayo, iwe na salio. Kuhangaika na mashine ya tiketi alfajiri hakuna raha.

Viatu vya kuvulika haraka, soli isiyoteleza. Kuna sehemu utavua viatu, na kuna ngazi za mawe ambazo mvua ikinyesha zinakuwa kama sabuni. Na soksi ziwe nzima. Hili nililijua siku kidole gumba changu kilipochungulia mbele ya kundi zima la wanafunzi.

Kitambaa cha mkono. Utanawa, na hutapewa cha kujifutia. Vyoo vingi vya umma Japani navyo havina karatasi za mikono.

Mfuko mdogo wa takataka. Mapipa ni adimu mitaani. Unachokula, ganda lake unarudi nalo.

Nguo. Hakuna bawabu wa kupima sketi, na utawaona watalii wa kaptura. Hata hivyo mabega na magoti yakifunikwa unakuwa na amani mwenyewe. Kanga moja mkobani inatosha, na kwenye baridi ya alfajiri itakufaa zaidi ya ulivyodhani.

Tripodi na droni ziache hotelini, haziruhusiwi. Masanduku yafungie kwenye makabati ya sarafu ya stesheni ya Kyoto. Niliwahi kumwona baba mmoja akiburuta sanduku la magurudumu kwenye ngazi za Sannenzaka, na mke wake anatembea hatua kumi mbele kama hawajuani.

## Hatua ya 1: Chagua saa, kisha ulale karibu

Hekalu linafunguliwa saa 12 asubuhi, yaani 6:00 kwenye vibao vyao, karibu mwaka mzima. Linafungwa saa 12 jioni (18:00), na Julai na Agosti huongezwa nusu saa. Japani saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane hadi 24, kwa hiyo ukipanga na wenzako andika tarakimu za kwao: 6:00. Shemeji yangu angenielewa vizuri sana hapo.

Kwa nini alfajiri? Vikundi vya mabasi ya watalii na wanafunzi huanza kumiminika kuanzia saa tatu, na ikifika saa nne njia ya kupandia imefunikwa vichwa. Saa 12 utawakuta wazee wa mtaa wanaokuja kusali na kunyoosha viungo, wapiga picha wachache, na watawa wanaofagia.

Ukilala Osaka, hiyo saa 12 isahau. Treni ya haraka ya kampuni ya reli ya JR kutoka Osaka hadi Kyoto ni kama nusu saa, lakini ile ya kwanza ya asubuhi haitakuwahisha hadi mlimani. Lala Kyoto usiku mmoja, upande wa mashariki wa mto Kamo ukipata, au jirani na stesheni.

Angalia na msimu. Julai jua huchomoza kama saa 11 alfajiri, ukifika saa 12 mwanga tele. Desemba jua hutoka kama saa 1, kwa hiyo ukiwahi saa 12 utapanda gizani na jukwaani utaona giza. Miezi ya baridi fika saa 1 kasorobo. Msimu wa maua ya sakura, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na nusu ya pili ya Novemba majani yanapogeuka mekundu, alfajiri nayo ina watu. Nyakati hizo, na siku chache katikati ya Agosti, hekalu hufunguliwa pia usiku kwa taa. Usiku ni mzuri, ila foleni yake ni ya subira ya Ayubu.

## Hatua ya 2: Fika kwa treni na miguu, siyo basi

Simu yako itakushauri basi namba 206 kutoka stesheni ya Kyoto hadi kituo cha Gojozaka au Kiyomizu-michi, nauli yeni 230. Kwa ramani ni sahihi. Kwa maisha halisi, kuanzia saa tatu asubuhi basi hilo limejaa mpaka dereva anaacha abiria vituoni, na barabara ya Higashioji haisogei. Wenyeji wanaokwenda hospitali na sokoni ndio wanaoumia, na kinyongo chao kwa watalii kina sababu.

Fanya hivi:

1. Stesheni ya Kyoto panda JR ya njia ya Nara, kituo kimoja tu, ushuke Tofukuji.
2. Hapohapo hamia treni ya kampuni ya Keihan inayoelekea kaskazini. Vituo viwili, unashuka Kiyomizu-Gojo.
3. Toka nje ufuate barabara kubwa ya Gojo kuelekea mashariki. Milima iwe mbele yako. Ukiiona iko mgongoni, geuka.
4. Vuka barabara ya Higashioji. Hapo mwinuko wa Gojozaka unaanza.

Kutoka kituoni hadi hekaluni ni kama dakika 25 za miguu, nusu ya kwanza tambarare, nusu ya pili kilima.

Onyo kuhusu jina: kituo kinaitwa Kiyomizu-Gojo, na watu wakiona "Kiyomizu" wanadhani hekalu liko ng'ambo ya barabara. Haliko. Panga na dakika za kupumzika.

Kama una mzee, mjamzito au mtu wa magoti mabovu, chukua teksi ikupandishe kadiri inavyoruhusiwa. Hapo sibishani na mtu kuhusu bajeti. Hekalu lina njia iliyopangwa kwa viti vya magurudumu na mtu anaweza kufika hadi jukwaani bila ngazi, uliza getini wakuonyeshe kwenye ramani.

Ukilazimika kupanda basi mchana, ingia mlango wa nyuma, toka wa mbele, lipa unaposhuka. Ukilipa taslimu tia sarafu kamili, kwa sababu kisanduku cha nauli hakirudishi chenji. Pembeni yake kuna mashine ya kuvunja noti ya yeni 1,000, ivunje kabla basi halijasimama ili usiwe kizibo mlangoni.

## Hatua ya 3: Panda kwa Chawanzaka, shuka kwa Sannenzaka

Gojozaka ukiipanda inagawanyika. Watu wengi hufuata mkono wa kushoto na kuangukia Kiyomizu-zaka, mtaa wa maduka. Wewe shika kulia, njia nyembamba iitwayo Chawanzaka. *Chawan* ni bakuli la chai. Eneo hili ndiko kwa vyombo vya udongo vya Kyoto, vinavyoitwa Kiyomizu-yaki, na utapita milango ya maduka na karakana zake ikiwa bado imefungwa.

Sababu ya kuipanda hii ni mbili: ina watu wachache, na mtaa wa maduka unabaki kwa ajili ya kurudi, wakati umefunguliwa na wewe una njaa.

Upo sahihi ukitokeza kwenye uwanja mdogo, na juu ya ngazi mbele yako limesimama geti la rangi nyekundu ya chungwa, paa limejikunja kingoni. Hilo ni Nio-mon. Pande zake mbili wamekaa walinzi wa mbao waliokunja sura: mmoja kafumbua mdomo, mwingine kaufumba. Watazame kabla hujapita, wengi hawainui hata shingo.

## Hatua ya 4: Kizingiti, maji na tiketi

Kwenye mageti ya mahekalu ya Kijapani kuna ubao mnene chini ya mlango. Usiukanyage, uruke. Aliyelelewa Pwani akaambiwa na bibi asikae kizingitini hahitaji maelezo.

Panda upite mnara wa kengele na pagoda nyekundu ya ghorofa tatu. Mpaka hapa hujalipa hata senti. Kibanda cha tiketi kiko mbele kidogo, kabla ya geti liitwalo Todoroki. Tiketi yenyewe ni karatasi yenye picha ya msimu na shairi fupi. Usiikunje ovyo, itaonyeshwa hatua chache mbele, na ni kumbukumbu nzuri isiyo na gharama ya ziada.

Jirani na geti hilo kuna birika la mawe la kunawia. Namna ya kunawa ni hii: shika kata kwa mkono wa kulia, mwagia wa kushoto, badili, mwagia wa kulia. Rudisha kata mkono wa kulia, mimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue mdomo, uteme chini pembeni. Kamwe usirudishe maji birikani. Mwishoni simamisha kata wima, maji yaliyobaki yateremke yaoshe mpini kwa ajili ya anayefuata. Yote hayo ni kwa kata moja ya maji, na ukiiona inafanywa na bibi wa miaka themanini huoni hata tone linalopotea.

Wewe ukiloa mikono yote miwili bila kuchota mara tatu, umeweza.

## Hatua ya 5: Ukumbi mkuu, kwa utaratibu wake

Hapa ndipo watu wanapoharibu, basi twende taratibu.

Mlangoni utakutana na fimbo mbili za chuma zilizosimamishwa. Kubwa ina uzito wa zaidi ya kilo 90, ndogo kilo 14. Masimulizi yanazihusisha na Benkei, mtawa shujaa mwenye nguvu za kutisha. Mchana kuna foleni ya vijana wanaotaka kujaribu. Alfajiri ni zako peke yako. Ile ndogo utaiinua kwa shida. Ile kubwa iguse, upige picha, uendelee na safari. Mgongo una thamani kuliko sifa.

Ndani kuna kiza, na macho huchukua muda kuzoea. Usitafute sanamu kuu ukaudhika kwamba huioni. Kannon wa hekalu hili, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, mwenye nyuso kumi na moja na mikono elfu, amefungiwa kwenye kabati lake na huonyeshwa mara moja kila miaka 33. Mara ya mwisho kwa mzunguko huo ilikuwa mwaka 2000, ijayo ni 2033. Anayepokea sala za kila siku ni sanamu ya mbele yake, inayomwakilisha.

Utaratibu wa kutoa heshima:

1. Vua kofia na miwani ya jua. Simu iingie mfukoni. Picha za ndani ya ukumbi haziruhusiwi.
2. Weka sarafu kwenye sanduku la mbao lenye vipande vya kukingama. Iachie iteleze. Ukiirusha toka mbali unapata kelele tu.
3. Pembeni kuna bakuli kubwa la shaba. Ligonge mara moja kwa gongo lake, kwa upole, kisha ngoja sauti ife. Ni ndefu kuliko unavyodhani, na kuingojea ndiyo nusu ya ibada.
4. Kutanisha viganja kifuani, inamisha kichwa, sema lako moyoni.
5. Inama tena, uondoke kwa pembeni.

Makofi hayapo kabisa. Makofi ni ya *jinja*, nyumba za Kishinto: kule unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama mara moja. Kiyomizu-dera ni *tera*, nyumba ya Buddha, na viganja vinakutana kimya. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuangalia jina. Likiishia na *-ji* au *-dera*, kimya. Ukiona *jinja* au *jingu*, na geti la nguzo mbili zilizovukwa na boriti, makofi.

Mtego uko hapa: ndani ya eneo hilihili, kaskazini mwa ukumbi, kuna jinja ya mapenzi iitwayo Jishu. Ilifungwa kwa ukarabati mkubwa Agosti 2022. Ukiikuta wazi siku yako, huko ndiko makofi yako.

Na kama dini yako hairuhusu kuinamia sanamu? Msomaji mmoja wa Mombasa aliniuliza hivyo kwa wasiwasi mkubwa. Jibu ni kwamba hulazimishwi lolote. Simama pembeni, nyamaza, waache wanaosali wasali. Hakuna atakayekugeukia. Hata Wajapani wengi walio pale wamekuja kutazama mandhari.

### Jukwaani

Sasa toka kwenye ukumbi, ukanyage jukwaa lenyewe, baraza pana la mbao za mti wa hinoki linaloning'inia kwenye urefu wa mita 13 hivi juu ya korongo. Limebebwa na nguzo 18 za mti wa zelkova, zimeunganishwa kwa boriti zinazopenyezana bila misumari.

Tazama chini ya miguu yako kabla ya kutazama mji. Mbao zimelikwa na nyayo, na sakafu inainama kidogo kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yateremke. Utelezi ni wa kweli. Mtoto mdogo mshike mkono.

Wajapani wakitaka kusema mtu kajitosa kwenye jambo zito, husema ameruka kutoka jukwaa la Kiyomizu. Na waliruka kweli, wakiamini Kannon atawajibu maombi: kumbukumbu zilizobaki za kati ya 1694 na 1864 zinataja visa 234, waliokufa 34. Serikali ilipiga marufuku mwaka 1872. Siku hizi anayejitosa ni anayepanda basi la 206 saa tano.

## Hatua ya 6: Picha inapigwa kutoka Oku-no-in

Ile picha maarufu ya jukwaa haipigwi ukiwa juu ya jukwaa. Najua ni jambo la wazi, lakini kila mwaka kuna mgeni anayeniuliza mbona picha zake "hazifanani na zile".

Ukitoka ukumbini fuata njia inayozunguka korongo kwa upande wa juu, mpaka jengo la Oku-no-in, ambalo nalo lina baraza lake dogo. Geuka utazame ulikotoka. Jukwaa lote, msitu wa nguzo, na nyuma yake mji wa Kyoto umelala bondeni.

Oku-no-in iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua likishakipanda kilima linakuwa mgongoni mwako na linaangaza mbao za ukumbi. Alasiri linakuwa usoni na jengo linageuka kivuli cheusi. Hii peke yake ingetosha kukuamsha mapema.

Piga picha zako mbili tatu, kisha mpishe aliye nyuma. Endelea na njia hiyo kuelekea pagoda ndogo ya Koyasu upande wa pili wa korongo, inayojulikana kwa maombi ya kujifungua salama. Watu wengi hawafiki, wanakata ngazi moja kwa moja kwenda majini. Ni dakika chache tu za mteremko laini chini ya miti, na ukiwa huko unaliona jukwaa kwa mbali, limezungukwa na majani pande zote.

## Hatua ya 7: Maji ya Otowa

Njia inateremka hadi chini ya jukwaa. Hapo maji ya chemchemi yanaanguka kwa mifereji mitatu kutoka kwenye ukingo wa jiwe. *Kiyomizu* maana yake ni maji safi, na maji ndiyo haya.

Utapanda vipandio vichache, ujikute umesimama nyuma ya maji, chini ya paa dogo, mifereji ikianguka mbele ya uso wako. Kuna kabati lenye mwanga wa zambarau. Humo zimepangwa kata za chuma zenye mipini mirefu, na mwanga huo unaua vijidudu.

1. Chukua kata kabatini. Mpini ni mrefu kama fimbo ya mzee na unayumba, ushike kwa mikono miwili.
2. Inyooshe mbele, kinga mfereji mmoja. Nusu kata inatosha. Ukiijaza itakuelemea na jirani ataoga.
3. Ivute kwako, mimina kwenye kiganja cha kushoto, unywe kiganjani. Midomo isiguse kata.
4. Mwaga yaliyobaki mbele, chini, siyo pembeni.
5. Rudisha kata kabatini, ukiigeuza kama ulivyoikuta.

Swali la kila mtu: mfereji upi? Watu husema mmoja ni wa umri mrefu, mmoja wa masomo, mmoja wa mapenzi, lakini mpangilio hubadilika kulingana na nani anakuongoza, na chanzo cha maji yote ni kimoja. Wanachokubaliana ni kwamba ukinywa yote matatu umekuwa mroho na hupati kitu. Chagua mmoja. Kijana wa shemeji yangu alikinga wa kwanza, akamwangalia baba yake, akasogeza kata kinyemela hadi wa pili. Mwezi uliofuata alifeli mtihani wa udereva. Sisemi kitu.

Maji ni baridi hata Agosti. Mchana foleni ya hapa hufika nusu saa. Kabla ya saa mbili asubuhi mara nyingi unakwenda moja kwa moja.

## Hatua ya 8: Tumbo la giza, kwa wanaotaka

Hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokosana na ratiba ya alfajiri, maana inafunguliwa saa tatu asubuhi (9:00) na kufungwa saa kumi jioni. Inaitwa *tainai meguri*, kuzunguka ndani ya tumbo la mama, na iko katika jengo la Zuigu-do, jirani na pagoda nyekundu, nje ya kibanda cha tiketi. Ada ni yeni 100.

Ukiitaka, panga hivi: ingia hekaluni saa mbili kasorobo (7:45), zunguka hatua ya 5 hadi ya 7 bila haraka. Njia ya kutokea inakurudisha karibu na geti jekundu, nawe unakuwa mlangoni pa Zuigu-do wakati panafunguliwa.

Unavua viatu, unavibeba kwenye mfuko, unateremka ngazi. Kushoto kwako kuna kamba ya tasbihi, kila punje ni kubwa kama chungwa. Ishike na usiiachie. Baada ya kona ya kwanza hakuna mwanga, na nikisema hakuna namaanisha mkono ulio mbele ya macho huuoni. Tembea polepole, usiwashe simu. Ukigusa mgongo wa mtu, simama.

Katikati utaliona jiwe la mviringo, limemulikwa kwa mwanga hafifu na kuchorwa herufi moja ya Kisanskriti. Weka kiganja, lizungushe, omba jambo moja tu. Kisha shika tena tasbihi ikutoe.

Asiyestahimili giza au nafasi finyu asiingie kwa kuona aibu. Kugeuka katikati haiwezekani bila kugongana na wote walio nyuma.

## Hatua ya 9: Karatasi ya bahati na mhuri

Vyote viwili ni vya hiari.

*Omikuji* ni karatasi ya bahati. Unalipa, unatikisa kopo hadi kijiti chenye namba kitoke, unapewa karatasi ya namba hiyo. Ikiwa mbaya, ikunje uifunge kwenye waya uliowekwa kwa ajili hiyo, ubaya ubaki pale. Usiifunge kwenye mti. Ikiwa nzuri, rudi nayo.

*Goshuin* ni mhuri mwekundu wenye maandishi ya brashi, uthibitisho kwamba ulifika. Huandikwa kwenye daftari maalumu lenye kurasa zilizokunjwa kama kodiani. Usipeleke daftari la shule wala pasipoti. Mwandishi atakukatalia, na ana haki. Akiwa anaandika usimpige picha bila kuomba, wala usiongee na simu. Dirisha hili usitarajie kulikuta wazi alfajiri, ni jambo jingine la kumfaa anayeingia saa mbili kasorobo.

## Hatua ya 10: Kutoka

Ukishatoka hurudi ndani bila tiketi mpya. Kabla ya kuvuka jiulize kama umesahau mwavuli.

Shuka Kiyomizu-zaka, mtaa wa maduka. Mengi hufunguliwa kuanzia saa tatu au nne. Utapewa vipande vya kuonja vya *yatsuhashi*, kitafunwa cha unga wa mchele na mdalasini chenye kujazwa maharage matamu. Mtu wa mahamri ataelewana nacho haraka. Kuonja kipande ni sawa, kuzunguka duka kwa duka ukishiba ni kujidhalilisha. Na ule umesimama hapo dukani, kutembea unatafuna hakupendezi.

Baada ya mita kadhaa, ngazi za Sannenzaka zinateremka upande wa kulia, 46 kwa hesabu. Husemwa kwamba anayeanguka hapo hufa ndani ya miaka mitatu, na karibu yake kuna duka la vibuyu vidogo vya kukuondolea mkosi huo. Shika ukuta tu. Mawe yake yamesuguliwa na nyayo, na ngazi hazilingani urefu.

Sannenzaka inakuleta Ninenzaka, na kushoto mnara wa Yasaka, pagoda ya mita 46, unachomoza juu ya mapaa. Milango ya nyumba hapa ni ya watu wanaoishi humo, usikae kwenye vizingiti vyao ukipiga picha. Endelea kaskazini mpaka jinja ya Yasaka, kisha magharibi kwa barabara ya Shijo hadi kituo cha Keihan cha Gion-Shijo. Kutoka hekaluni ni kama nusu saa, yote mteremko au tambarare.

Ukivuka Higashioji, angalia kushoto. Basi la 206 litakuwa limesimama kwenye foleni ya magari, madirisha yana ukungu wa pumzi za watu. Mnunulie mwenzako kahawa ya kopo kwenye mashine ya pembeni, ya moto ina kibandiko chekundu na ya baridi cha bluu. Kopo tupu tia kwenye kisanduku chenye tundu la duara kando ya mashine. Hilo ni mojawapo ya mapipa machache utakayoyaona siku nzima.